Mtu Aitwaye Haji

Siku ya tatu mahabusu, dereva wa gari la wagonjwa alikuwa bado anakana, na alikuwa anakana vizuri. Wapo wanaokana kwa kelele na wapo wanaokana kwa machozi. Huyu alikana kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, bila haraka, akirudia palipo na kona.

"Afande, nakwambia kwa mara ya mwisho, na kesho nitakwambia tena. Kazi yangu mimi ni usukani. Faili la mgonjwa hata rangi yake siijui."

"Kaki," Inspekta alisema.

"Haya, leo nimeijua."

Inspekta hakucheka. Kituoni walimwita Bi Kwanini, tena mbele yake, kwa sababu hakuna mtuhumiwa aliyewahi kutoka kwenye chumba kile bila kuulizwa neno hilo mpaka likamkaa masikioni. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye daftari la shule alilolibana kwa mpira wa nywele, na hakuwa na simile na mtu wa maneno mengi. Mezani mbele yake yalikaa majalada kumi na sita kutoka masjala ya hospitali kuu. Kila jalada lilikuwa la mtu aliyekwisha kufa. Na kwenye kona ya juu ya kila jalada mtu alikuwa ameandika neno moja kwa penseli, akalirudia tena na tena kwenda chini, kila mara na tarehe yake: Haji. Haji. Haji.

Dereva huyu, kwa bahati yake mbaya, alikuwa Haji. Jina lake kamili hata yeye alilitumia siku ya mshahara tu.

"Faili hizi zilipaswa kushuka kliniki kila Jumatano," Inspekta alisema. "Hazikushuka. Wenye faili wakakosa dawa, wakafa. Na juu yake limeandikwa jina lako. Kwa nini?"

"Haji tuko wengi."

"Hospitalini uko peke yako. Nimeangalia orodha ya wafanyakazi."

Dereva alishusha pumzi. "Hiyo tarehe ya zamani kuliko zote ni ya lini?"

Inspekta alilijua jibu bila kufungua jalada, na kwa kuwa alilijua, lilimkera. "Miaka kumi na moja iliyopita."

"Mimi hapa nina miaka minne. Kumi na moja iliyopita nilikuwa mbali huko, natengeneza baiskeli. Muulize mke wangu wa kwanza. Ana hasira na mimi, lakini uongo hana."

Inspekta aliandika: *Mke wa kwanza, athibitishe.* Halafu akalifunga daftari. Alijua, kama mtu anavyojua jino limeanza kuuma, kwamba mke wa kwanza atathibitisha.

Kesi hii hakuitaka. Wiki tano nyuma, fundi cherehani mmoja, mwanamke wa miaka thelathini hivi, alikuja kituoni na futi yake ya kupimia shingoni akasema hospitali imemuua mama yake. Mama alikuwa na sukari. Kila Jumatano alikwenda kliniki, na kila Jumatano alirudi mikono mitupu, mpaka siku alipoanguka jikoni akabebwa kwenda wodini na asirudi. Inspekta alipiga simu hospitali, akapewa jibu kabla hata hajamaliza swali, akaandika ripoti ya mistari mitatu. *Marehemu alichelewa kuja hospitali. Hakuna dalili ya uhalifu. Shauri lifungwe.* Akatia saini.

Kesho yake fundi alirudi. Na kesho kutwa yake. Alikaa kwenye benchi la kituo akipinda pindo za nguo za watu kwa mkono, bila kugombana na yeyote, hadi Inspekta akaenda hospitali mwenyewe kuchukua jalada la yule mama, ili tu apumzike. Hapo ndipo alipokutana na Haji. Akaomba majalada mengine ya waliokufa kwa sukari, presha na pumu mwaka ule. Akamkuta Haji tena.

Wote kumi na sita walitoka Ng'ambo, upande wa pili wa mto, kwenye kabila lile ambalo mji mzima huliita watu wa kuja. Babu zao walizaliwa hapo hapo na wajukuu bado ni wa kuja. Inspekta alikuwa amewaita hivyo tangu utotoni, na hakuwahi kujiuliza wanakuja kutoka wapi na watafika lini.

Daktari wa wodi, binti mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala, alikuwa amemfungulia daftari la wodi na kupitisha kidole. "Sukari, presha, pumu. Haya ni magonjwa ya kliniki, Inspekta. Mtu akipata dawa na kupimwa kwa wakati, mimi simwoni huku juu. Nikimwona huku, ujue kuna mlango umefungwa kule chini." Mwaka ule walilazwa watu sitini na wawili ambao hawakupaswa kulazwa. Arobaini na tisa walikuwa wa Ng'ambo. Ng'ambo si hata robo ya mji.

Kwa hiyo Inspekta alikuwa na nadharia yake, nayo ilikuwa nzuri. Mtu aitwaye Haji anaficha majalada ya wasio na wa kuwasemea, dawa zao anaziuza. Mkuu wa kituo aliipenda mno. Alikwisha kuwaambia watu wa gazeti wakae mkao wa kula.

Mchana fundi alikuja na bahasha. Ndani mlikuwa na kadi za kliniki za mama yake, kila moja imejaa tarehe, na mbele ya kila tarehe muhuri mmoja: RUDI.

"Nimezipata chini ya godoro," alisema. "Alikuwa anazificha. Aliona aibu, mama. Alidhani amekosea kitu ndiyo maana hawamwiti."

Inspekta alizipanga mezani kwa mfuatano wa tarehe. "Nani alikuwa anapiga muhuri huu?"

"Nesi wa kliniki. Majina yakiisha anasema ambao hamjaitwa rudini Jumatano, anatupigia muhuri."

"Anatupigia?"

"Na mimi ninayo sukari. Mwaka jana walinipima."

Alipogeuka kukaa, alikanyaga kwa kisigino. Mguu wa kulia ulikuwa kwenye kandambili ya kiume, umefungwa kitambaa cha maua kilichokatwa vizuri na kushonwa ukingoni. Hata bandeji yake fundi yule hakuiacha bila pindo.

"Mguu umefanyaje?"

"Kidole. Pedali ya cherehani ilinibana."

"Umekwenda hospitali?"

"Jumatano tatu sasa."

Inspekta alikuwa anahesabu mihuri. "Kesho Jumatano. Nenda tena, usikubali kurudishwa. Mimi nikimaliza na huyu Haji, haya yote yatakwisha."

"Sawa, mama," fundi alisema. Akaondoka akichechemea.

Saa tisa alasiri tarishi wa hospitali alileta jalada la kumi na saba, lile ambalo masjala ilikuwa imesema halionekani. Lilikuwa nene kuliko mengine. Ndani mlikuwa na watoto wawili, mapacha, wote wana pumu, walioandikishwa kwenye jalada moja kwa kuwa mwezi ule majalada yalikuwa yamekwisha. Mmoja alikufa mwezi wa tatu. Mwingine alikuwa hai.

Inspekta alitazama kona ya juu. Aliliona neno, akaanza kuliandika kwenye daftari lake, na kalamu ikasimama katikati.

*Hawaji.*

Alilisoma kimya. Halafu akalisoma kwa sauti, peke yake chumbani, na sauti yake haikumpendeza. Jina la mtu halina wingi. Ukikutana na akina Haji wawili, unasema Haji wawili. Hakuna mama aliyewahi kuzaa mapacha akawaita Hawaji.

Alilivuta jalada la yule mama, akalisoma neno lile upya kana kwamba ndiyo kwanza anafundishwa kusoma. Herufi kubwa ilikuwepo kwa sababu neno lilianza mstari, basi. Mwezi mzima alikuwa anamtafuta mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Alijiona mjinga, na ujinga huo haukuwa wa kuchekesha, kwa sababu mwizi angefungwa na mambo yakaisha. Neno utalifunga wapi?

Alikwenda mahabusu akafungua mlango mwenyewe.

"Toka. Nenda nyumbani."

Dereva hakuinuka. "Mmempata?"

"Hakuna mtu. Lilikuwa kosa la sarufi."

"Na huyo Sarufi mmeshamkamata?"

"Nenda nyumbani, Haji. Nisamehe."

"Siku tatu," dereva alisema akitafuta kiatu chake. "Siku tatu gari la wagonjwa halina dereva. Na hilo uliandike."

Aliliandika.

Jumatano, saa nne kasorobo, Inspekta aliingia hospitali kwa mlango wa mbele kama mtu yeyote. Hakuna mtu anayevuka geti lile bila kuandikwa. Mlinzi, askari mstaafu mwenye mwandiko wa kuonewa wivu, alikuwa na kitabu chake dirishani: namba, jina, anakotoka, anakokwenda, saa. Sheria hiyo iliwekwa baada ya mtu kutoroka na shuka za wodi mbili, na mlinzi aliishika hata mgonjwa akiwa anatapika.

"Nataka vitabu vya miezi sita ya nyuma," Inspekta alisema.

"Hatimaye," mlinzi alijibu akiinama chini ya meza. "Miaka yote naandika, hajatokea mtu wa kusoma."

Alipewa kiti nyuma ya kibanda, akaomba na daftari la kliniki ya sukari, akayaweka mawili hayo pajani, moja kila goti. Ilikuwa kazi ya kidole na subira. Jumatano ya kwanza, kitabu cha geti: mama wa fundi, kutoka Ng'ambo, anakwenda kliniki, saa moja na dakika tano. Daftari la kliniki, tarehe hiyo hiyo, jina hilo hilo: Haji. Jumatano ya pili, geti: saa moja kasoro dakika kumi. Kliniki: Haji. Ya tatu. Ya nne. Jumatano kumi na tisa mama yule aliamka alfajiri, akavuka daraja kwa miguu, akaandikwa getini kwa mwandiko mzuri, akakaa hadi mchana. Na Jumatano kumi na tisa hospitali iliandika kwamba haji.

Ya ishirini haikuwa Jumatano. Ilikuwa Ijumaa, na kwenye sehemu ya anakokwenda mlinzi alikuwa ameandika: *Amebebwa.*

Inspekta alinakili zote, akamrudishia mlinzi vitabu vyake, akapanda ngazi hadi masjala.

Masjala ilikuwa chumba kirefu cha rafu zilizofika darini, kinanuka karatasi na mafuta ya taa. Karani wake walimwita Kompyuta, mzee mwenye mvi safi na miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye angekutajia namba ya jalada lako kabla hujamaliza kumwamkia. Alimfutia Inspekta kiti kwa kitambaa.

"Karibu, bibie. Nimesikia mmemwachia dereva. Nimefurahi. Kijana hana baya."

"Mzee, Haji ni nani?"

Karani alimtazama kwa huruma, jinsi mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekuwa akimtegemea. "Haji si nani, bibie. Haji maana yake haji."

"Anayeandika ni wewe?"

"Mwandiko si unauona? Ni wangu." Alisema kwa fahari. "Ngoja nikuelekeze utaratibu. Daktari wa kliniki anaona watu sitini kwa siku, basi. Walioandikishwa Jumatano moja ni tisini, mia. Jumatatu mimi napitia rafu, natoa faili za watakaokuja, nazipanga kwenye toroli. Nesi anaita kwa kufuata toroli. Wasiokuja nawawekea alama, faili zao zinabaki juu, na nesi huja kuzinakili alama hizo kwenye daftari lake. Kwa nini nishushe faili thelathini za bure na kuzipandisha tena, na mgongo huu?"

"Jumatatu unajuaje nani hatakuja Jumatano?"

"Wa Ng'ambo hawaji."

"Nani kakwambia?"

"Matroni. Si huyu, yule aliyestaafu, Mungu amrehemu. Mwaka ule daraja lilipochukuliwa na maji. Miezi minne hakuvuka mtu. Nashusha faili, napandisha, nashusha, napandisha. Matroni akaniambia, mzee unajiua bure, waandikie haji."

"Daraja lilijengwa."

"Lilijengwa, ndiyo. Zuri kabisa."

"Mbona hukuacha?"

Karani alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Swali lile halikuwahi kupita chumbani mwake. "Hakuna aliyeniambia niache."

Inspekta alikuwa amewahi kukaa mbele ya wauaji wa panga na wauaji wa sumu, na wote alijua afanye nini nao. Mzee huyu alikuwa amemfutia kiti.

"Wanakuja, mzee. Wameandikwa getini, nina tarehe zote. Wanakaa kwenye benchi chini ya miguu yako."

"Wakija wangeitwa."

"Wataitwaje na faili zao ziko huku?"

"Sasa kama hawaji, faili zishuke kufanya nini?"

Alisema bila ubishi wowote, na Inspekta aliona kwamba wangeweza kuzunguka hapo hadi jioni. Akajaribu mlango mwingine. "Yupo fundi mmoja. Faili lake limefunguliwa mwaka jana. Daraja lina miaka kumi na zaidi. Huyu mwaka ule wa maji hakukosa hata siku moja, maana alikuwa hajaanza. Naye umemwandikia. Kwa nini?"

"Jina," karani alisema.

"Jina limefanya nini?"

"Bibie, na wewe ni mtu wa hapa. Ukisikia tu jina, si unajua?"

Inspekta alijua. Angependa sana kusema hajui, lakini angesikia jina lile gizani na angejua, kama alivyojua wiki tano nyuma, alipoandika mistari mitatu bila kutoka kwenye kiti chake.

"Mimi sijamgusa mtu," karani alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetereka. "Miaka thelathini na moja hapa sijapoteza hata faili moja. Muulize yeyote."

"Najua, mzee. Hukupoteza hata moja." Alisimama. "Za leo ziko wapi? Zilizobaki."

Karani alionyesha rafu ya chini karibu na mlango. Majalada thelathini na moja, yamefungwa kwa kamba, yamenyooka kama matofali. Inspekta alifungua kamba akaanza kusoma majina kwenda chini, na kwenye la kumi na nne akasimama. Jina la fundi. Kona ya juu: Haji, Haji, Haji, safu ndefu, tatu za mwisho na tarehe za Jumatano tatu zilizopita. Na chini yake la nne, tarehe ya leo. Penseli ilikuwa bado inang'aa.

*Usikubali kurudishwa,* alikuwa amemwambia.

Alilikusanya fungu zima mikononi, akashuka nalo ngazi akiwa amelibana kwa kidevu. Nyuma yake karani aliita, "Bibie! Hujasaini!"

Korido ya kliniki ilikuwa na mabenchi mawili. Kwenye benchi la dirishani watu walikuwa wachache, maana wengi walikwisha kuitwa. Benchi la ukutani lilikuwa limejaa. Hakuna aliyekuwa akizungumza. Inspekta aliweka majalada mezani kwa nesi, puu, akasema, "Hawa wapo. Wote hawa wapo, wamekaa pale. Waite."

Nesi alitazama fungu, akatazama saa ya ukutani. "Daktari ana watu wanne tu waliobaki kwenye sitini wake, Inspekta. Akimaliza anakwenda upasuaji. Ungezileta asubuhi."

"Waite."

"Nitawaita awaone nani?"

Fundi alikuwa mwisho wa benchi, ameegemea ukuta, futi shingoni. Macho yalikuwa wazi lakini yalichelewa kumtambua. Paji lilikuwa linatoka jasho, na mikono aliyoizoea Inspekta ikiwa na sindano siku zote ilikuwa imelala tu mapajani. Kitambaa cha maua kilikuwa kimelowa hadi kisigino. Harufu yake watu wa jirani walikuwa wamejitahidi kutoionyesha.

"Mama," alisema. "Sijakubali kurudishwa. Nimekaa."

"Umefika saa ngapi?"

"Sijui. Nilikuwa wa nne getini."

Inspekta alituma mtu wodini, na daktari wa wodi akashuka mwenyewe. Alipiga goti sakafuni akafungua kitambaa polepole, akaangalia, akakirudishia. Kisha akaomba machela kwa sauti ya kawaida kabisa, na sauti hiyo ndiyo iliyomtia Inspekta hofu.

Walipokuwa wanaingojea machela, Inspekta alisogea dirishani akampigia mkuu wa kituo. Alimweleza yote kwa mfuatano: daraja, matroni, penseli, toroli, vitabu viwili. Mkuu alisikiliza hadi mwisho, na hilo lilikuwa baya, kwa kuwa kwa kawaida alikatiza.

"Kosa gani hilo?" aliuliza.

"Watu kumi na saba wamekufa."

"Sijakuuliza wangapi. Nimeuliza kosa. Kifungu kipi? Mzee kaandika neno. Kampiga mtu? Kaiba? Kaghushi?"

"Ameandika kwamba hawaji, na wanakuja."

"Basi amekosea. Mwandikie mganga mkuu barua. Mimi nina gazeti linangoja mwizi wa dawa, siwezi kuwapelekea kitenzi." Kisha akasema taratibu zaidi, "Bi Kwanini. Funga jalada."

Machela ilikuja. Daktari aliandika fomu ya kulazwa akiwa ameiegemeza ukutani, haraka, kwa mkono uliokwisha kuandika mamia yake. Inspekta alisoma juu ya bega lake. Jina. Umri. Kisukari, kidonda, mguu wa kulia. Kukata chini ya goti, leo. Na chini kabisa, kwenye mstari wa sababu ya hali kuwa mbaya: *Alichelewa kuja.*

"Hakuchelewa," Inspekta alisema.

Daktari alisimamisha kalamu. Alilitazama neno lake kana kwamba limeandikwa na mtu mwingine. "Ndivyo tunavyoandika," alisema. "Wote tunawaandika hivyo. Sijui nani alianza." Hakulifuta. Pengine alikusudia kulifuta, lakini waliokuwa wakisukuma machela walikwisha kuinyakua fomu na kuiweka miguuni pa mgonjwa.

Fundi alikuwa amesikia. Alinyoosha mkono akamshika Inspekta kwenye kishikizo cha mkono wa shati. "Mguu ule," alisema. "Ndio ninaoendeshea."

"Najua, mwanangu."

"Sasa nitashonaje?"

Inspekta aliikunja futi iliyokuwa inaning'inia karibu na gurudumu, akaiweka kifuani pake.

"Andika basi," fundi alisema. "Wewe unaandika kila kitu. Andika kwamba nilikuja."

Inspekta alitoa mpira kwenye daftari lake. Aliandika akisimama, machela ikiwa inasogea, yeye akitembea nayo. *Alikuja. Jumatano nne. Leo alikuwa wa nne getini.*

"Nisomee."

Alimsomea.

"Weka saini."

Akaweka saini. Ilikuwa saini ile ile aliyoiweka wiki tano nyuma chini ya mistari mitatu, na fundi, aliyewahi kuonyeshwa karatasi ile, aliitazama kwa makini ya mtu anayekagua mshono. Akaachia kishikizo. Milango ya upasuaji ikafunguka, ikajifunga.

Inspekta alirudi koridoni. Benchi la ukutani lilikuwa tupu. Walikuwa wameambiwa warudi, wakarudi, kila mmoja na muhuri wake, hakuna aliyelalamika. Majalada thelathini na moja yalikuwa yamepangwa upya, kamba pembeni, tayari kupandishwa. Nesi alikuwa anamalizia daftari la kliniki la siku ile, akilinganisha na fungu, jalada moja baada ya jingine. Inspekta aliinama akasoma ukurasa ukiwa bado una unyevu wa wino. Jina la fundi lilikuwa la kumi na nne kati ya yale ya fungu. Mbele yake liliandikwa: Haji.

"Huyu umemwona kwa macho yako," Inspekta alisema. "Amebebwa hapa mbele yako."

Nesi aliinua uso. Hakuwa na ukali wowote, uchovu tu.

"Mimi nanakili kilichoandikwa juu ya faili, Inspekta."